Sura ya Tano: Pilipili Moja Ndani ya Buli

Nyumba ya Bi Nasriya pale Sidab, Maskati, haikuwa na siku ya kukosa wageni. Jumatano ile ya Mfungo Mosi, mwaka wa sabini, walikuwapo sita ukumbini, watatu jikoni, na mmoja amelala chumbani hajulikani ni mgeni wa nani. Sinia la visheti lilikuwa katikati, na Nasriya anasimuliwa habari za bibi harusi wa Matrah aliyekataa kufunuliwa uso mpaka aletewe feni ya umeme. Utamu umefika kooni, ghafla Mahbuba akaingia bila ya hodi.

Mahbuba kuingia bila ya hodi! Mwalimu Mahbuba, ambaye hata mlango wa chumba chake mwenyewe huugonga kwanza! Nasriya akaweka kikombe chini.

"Shoga, nnakutaka faragha."

"Faragha ya nyumba hii haijapatikana tangu nihamie. Twende kwenu."

Kwao kulikuwa ukuta kwa ukuta. Nyumba ile watu wa Sidab wakiiita Nyumba ya Waalimu. Ndani yake wakikaa wanawake saba waliosomea ualimu pamoja Unguja, wakatawanywa na mapinduzi, huyu Dubai, yule Kuwait, mwengine Misri. Milango ya nchi ilipofunguliwa mwezi wa Julai wakarudi mmoja mmoja kwenye ardhi ya babu zao, na Kiarabu chao cha kuchechemea. Skuli mpya ya wasichana ilikuwa inatafuta waalimu kwa tochi. Wakakodi nyumba moja, kwani mwanamke asiye na mume hapangi peke yake, na udugu wao wa chuoni, Asumini, wakaufufua.

Chuoni kila udugu ulikuwa na rangi yake. Asumini ya Waarabu. Wahindi wana wao. Waafrika wana wao. Zama za siasa zilipopamba moto hata meza za chai ziligawika, wa meza hii haazimi sukari kwa wa meza ile. Na sasa, miaka minane baadaye, aliyeomba kuingia Asumini hakuwa Mwarabu, alikuwa Masouda binti Farijala, mwalimu wa hesabu. Baba yake mzalia wa shamba la Waarabu Bumbwini, mama yake Mmanyema wa Ng'ambo.

"Imetoka pilipili," Mahbuba akasema.

Nasriya hakuhitaji kufasiriwa: pilipili ni kukataliwa, na asiyekuwa Asumini halali nyumba ile. Jambo lolote la nyumba ile lilikuwa likimfikia kabla halijapoa. Masouda alikuja Maskati na ami yake, Bakhit, dereva wa lori. Bakhit kesho alfajiri anakwenda Dubai. Masouda akipata kitanda Nyumba ya Waalimu, atabaki na kazi yake ya skuli. Asipopata, atapanda lori.

"Nataka kumjua aliyetia," Mahbuba akasema. "Weye umefanya kazi polisi."

"Nilikuwa napiga taipu, Mahbuba."

"Miaka kumi na mbili!"

Hilo lilikuwa kweli. Nasriya hakukanyaga chuo. Chuo chake kilikuwa taipu moja yenye herufi ya R iliyovunjika, katika stesheni ya polisi kule Unguja. Alipiga maelezo ya wezi, ya wagoni, na ya mashahidi wa kukodiwa, hata akafika kuujua uwongo kwa mdundo wake, kabla hajaujua kwa maneno.

"Nionyeshe mahali," akasema.

Mahbuba akamfungulia kijichumba cha pembeni. Meza moja, pazia moja, msumari wa kutungika nguo. Juu ya meza buli jeupe la kauri lisilo na chai, na kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanga.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu. Usiniruke."

"Muombaji mwenyewe huliosha buli, akalikausha, akalileta hapa limefunikwa. Ndiyo adabu yake ya mwisho. Kisha hukaa uani, mgongo kauelekeza mlangoni. Mimi humpa kila mwanachama karafuu moja na pilipili manga moja. Anaingia peke yake. Anayekubali hutia karafuu kwenye buli. Anayekataa hutia pilipili. Ile iliyobaki mkononi huitumbukiza kwenye kopo."

"Kwa nini mchanga?"

"Isisikike mlio. Mtu asijulikane."

"Mlikuwa na akili, nyinyi wasichana. Akili za kutisha. Halafu?"

"Halafu mimi nalimimina buli kwenye sinia, mbele ya wote. Pilipili ikitoka hata moja, basi. Hakuhesabiwi, hakuulizwi. Nafunika kwa kanga yangu, natia vyote kwenye chetezo vikaungua."

"Na jana ukafanya hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo."

Nasriya akalichukua buli, akalinusa, akachungulia bombani kwa jicho moja, kisha akapuliza. Hewa ikapita bila ya kizuizi. Mawazo yake ya mwanzo yalikuwa hayo: chai ya viungo, chembe imenasa bombani wiki nzima, imeponyoka siku ya siku. Angefurahi kama ingekuwa hiyo. Angerudi kwenye visheti vyake.

"Ile pilipili ulipoimimina, ilidondoka vipi?"

"Ilidondoka tu."

"Kama uji, au kama kokoto?"

Mahbuba akafumba macho. "Iliruka. Ta, ta, ta, ikakimbilia ukingoni mwa sinia. Ndiyo maana tuliiona sote."

Iliyochemshwa kwenye chai huvimba ikalainika, haichezi ngoma. Hii ilikuwa kavu, imetiwa kavu, jana. Nasriya akaliweka buli.

"Mnamshuku nani?"

"Mie simshuku mtu."

"Mahbuba."

"Thuwaiba," Mahbuba akanong'ona. "Wote wanasema Thuwaiba. Lakini Ghaniya naye ana mpwa wake Nizwa anamtafutia kitanda."

Ghaniya alipatikana jikoni, anachambua mchele kwa hasira, kokoto zinaruka mpaka uani. Alikuwa mnene, mweupe, mwenye maneno ya kugawa bure.

"Mpwa wangu?" akafoka kabla hajaulizwa. "Mpwa wangu kaposwa tangu Idi! Kitanda cha nini tena? Niulize nilitia nini!"

"Ulitia nini?"

"Karafuu! Nikaibusu kwanza! Mimi na Masouda tulikuwa tukiazimana viatu chuoni, na mguu wake mkubwa ulivyonitanulia vile viatu sijamwambia mpaka leo. Bi Nasriya, nenda kamuulize malkia wa chumba cha mwisho. Nyumba nzima tumelala wawili wawili, yeye peke yake na vitanda viwili. Kitanda cha Masouda kingekuwa kule. Unafikiri angekubali?"

"Mmemuuliza?"

"Kumuuliza? Hata salamu hatumpi."

Thuwaiba alikuwa kitandani kwake, ameegemea ukuta, mrefu, mkavu, shingo imesimama kama ya mtu anayesubiri kupigwa picha. Mwanamke huyu alikuwa akiweza kuhesabu babu zake kumi na moja bila ya kuvuta pumzi, na alikuwa akiwahesabu, hata kwenye foleni ya maji.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukaa. Nikikukamata utajua." Nasriya akajikalia kwenye kitanda kitupu cha mlangoni. "Wanasema ni weye."

"Tangu jana wananisalimia kwa meno."

"Uliwahi kusema mtu na kabila yake, na punda na banda lake?"

"Nimesema. Nimesema mbele ya watu, nimesema kwa sauti. Maneno yangu nnayajua, sina haja ya kukumbushwa."

"Jana uliingia wa ngapi?"

"Wa nne. Wa tano. Ngoja, Ghaniya alikuwa anatoka, basi wa nne. Nikatia karafuu, nikatoka. Hapana, kabla ya kutia ushungi wangu ulinasa kwenye ule msumari, nikawa navuta huku nimefumba mkono nisije nikaangusha. Karafuu ikavunjika kichwa. Nikajiuliza, isiyo na kichwa itahesabiwa? Nikaitia tu. Kijiti na kichwa chake, vyote viwili. Kisha ndiyo nikaunasua ushungi. Au niliunasua kwanza?"

Nasriya alikuwa anamtazama midomo. Mwongo, katika maelezo yote aliyowahi kuyapiga, husimulia mbele moja kwa moja, kama mtu anayesoma. Mkweli hurudi nyuma, akajisahihisha, akakutia wazimu. Mara ngapi alilazimika kuchomoa karatasi na kuanza upya kwa ajili ya mkweli!

"Na kwa nini karafuu, bibi mwenye kabila?"

"Sababu ni yangu," Thuwaiba akasema, akageukia ukutani.

Nasriya akarudi kijichumbani. Akaomba chekecheke na sinia. Mahbuba akashituka.

"Kopo halichekechwi! Mchanga wake hutupwa baharini!"

"Mbona haujatupwa?"

"Jana tulikuwa tunalia, nani angekumbuka?"

"Basi shukuru machozi yenu."

Akaumimina mchanga kidogo kidogo. Mahbuba alijizuia kutazama kwa dakika moja kamili, kisha akainama kuliko Nasriya mwenyewe. Moja ikabaki juu ya waya. Mbili. Zikafika saba. Nasriya akachekecha mara ya pili, akapekua mchanga wote kwa vidole. Pilipili manga saba, nyeusi, mikunjo juu yake. Karafuu, hata ya dawa.

"Sielewi," Mahbuba akasema.

"Mko wangapi?"

"Saba."

"Kila mmoja ulimpa pilipili moja. Pilipili zote saba zimekuja kulala hapa. Basi kwenye buli mlitia nini?"

Mahbuba akaketi chini, papo hapo, na nguo yake ya skuli. "Sote tulitia karafuu," akasema polepole. "Wote saba. Bi Nasriya! Wote!"

"Wote. Na ya nane ikatoka wapi?"

"Labda mtu alikuja nayo kutoka jikoni."

"Mwenye pilipili yake halali mkononi, chumbani peke yake, haoni mtu, ya nini akaibe nyengine jikoni? Ya nane aliitia mtu asiyepewa. Asiyepiga kura." Nasriya akazifunga zile saba kwenye pembe ya kanga yake, fundo mbili. "Jana palikuwa na asiyepiga kura aliyelishika buli hili?"

Mahbuba akalitazama buli, kisha akautazama mlango wa uani, alikokuwa amekaa muombaji. Rangi ikamtoka.

"Usimwambie mtu," Nasriya akasema. "Baada ya asri wakusanye wote. Na Thuwaiba pia, mumuite kwa jina lake."

Masouda alikuwa amekaribishwa kwa bibi mmoja kipofu nyuma ya msikiti, chumba cha uani. Ami yake, Bakhit, alikuwa Matrah anapakia lori. Sanduku la bati lilikuwa limeshafungwa. Masouda mwenyewe alikuwa anashona kifungo ambacho, kwa macho ya Nasriya, hakikuwa na dalili ya kung'oka.

"Masalkheri, Bi Nasriya. Umekuja kuniaga?"

"Masalkheri, mwanangu. Nimekuja kuuliza kidogo. Buli ulilikausha kwa kitu gani?"

"Kwa kanga."

"Likakauka vizuri?"

"Likakauka."

"Na ile pilipili uliitia kabla ya kulikausha, au baada?"

Sindano ikasimama. Uani kuku akapiga kelele, akanyamaza. Masouda alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliziona njia zote za kutokea, akaona kila moja inarudi pale pale.

"Baada," akasema.

Nasriya akakaa naye mkekani. Inspekta mmoja wa zamani alikuwa akimwambia, ukishapata neno la kwanza, nyamaza, mengine yana miguu yao.

"Mwaka wa sitini na mbili," Masouda akaanza, "nilikuwa na rafiki watano Asumini. Tukisukana, tukilala kitanda kimoja mvua ikinyesha. Wakanambia omba, utaingia. Nikaomba. Ikatoka pilipili. Wote watano walinikumbatia wakalia, Bi Nasriya. Nikawa nimekumbatiwa na mikono kumi, sijui miwili iliyonikataa ni ipi. Au labda ni ya mwengine kabisa. Tangu hapo, kila nikipata barua ya mmoja wao naisoma mara mbili. Ya kwanza kwa habari. Ya pili namtafuta."

"Miaka minane?"

"Minane. Safari hii nilisema, ikitoka, nijue ni yangu. Niende zangu Dubai nikiwapenda wote."

"Kwa nini basi uliomba?"

"Mahbuba alinishika mkono mbele ya watu, anacheka, meno yote nje. Ningemwambiaje sitaki? Na nnataka. Ndiyo balaa lenyewe, nnataka."

Nasriya akaifungua pembe ya kanga. Akazimwaga zile chembe juu ya kifuniko cha sanduku, zikarukaruka, moja akaidaka isianguke.

"Hizi zimetoka kwenye kopo la mchanga. Hesabu, mwalimu."

Masouda akahesabu kwa macho. Kisha kwa kidole. Alipofika saba kidole kikabaki juu ya ile ya mwisho.

"Na karafuu kwenye kopo?"

"Nimechekecha mara mbili."

"Hamna?"

"Hamna."

Akacheka. Kicheko kikageuka njiani, akajifunika uso kwa ile nguo iliyokuwa na sindano, Nasriya akawahi kuichomoa isimtoe jicho. Akamwacha alie mpaka aishe. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama dari, anajiambia kwamba vumbi la Sidab mwaka huu limezidi.

"Nimejifungia mlango kwa mkono wangu," Masouda akasema.

"Na utaufungua kwa mdomo wako. Mie sikusemei. Kuna mtu kule amenuniwa tangu jana kwa pilipili yako."

"Nani?"

"Thuwaiba."

Masouda akapangusa pua, akavaa buibui lake.

Waliwakuta wote sita wamekaa ukumbini, na Thuwaiba wa saba, peke yake kwenye kiti, magoti pamoja. Masouda hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kama mbele ya darasa, tangu barua anazozisoma mara mbili, mpaka buli na sanduku la bati. Hakuongeza chumvi. Alipomaliza, Ghaniya ndiye aliyelipuka.

"Mimi nimemnunia mtu siku nzima bure? Na njaa juu, maana zamu ya kupika ilikuwa yake! Masouda, wallahi, ungekuwa karibu ningekufinya!"

"Nipo karibu."

Ghaniya akaenda akamfinya kweli, kisha akamkumbatia mpaka buibui likamteleza kichwani. Vicheko vikaanza. Mahbuba tu alikuwa bado anatafuna mdomo.

"Lakini kanuni," akasema kwa huzuni. "Pilipili ikitoka, muombaji hangoji chini ya mwaka."

"Kanuni inasema pilipili ya nani?" Nasriya akauliza.

"Ya mwanachama."

"Na hii?"

Mahbuba akafikiri, mwalimu mpaka kwenye mifupa. Uso ukamfunguka. "Hii si kura. Hii ni uchafu kwenye buli!" Akaanza kupiga vigelegele, naye vigelegele hakujaaliwa, ikawa kama birika linalochemka. Mwengine akamsaidia.

"Ngojeni," Thuwaiba akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, ndiyo maana wote wakasikia.

"Ya jana si yangu. Ile ya sitini na mbili ilikuwa yangu."

Nasriya hakuwa amelitafuta hilo. Hakuna aliyemtuma. Akamtazama Masouda, akaona lori la Bakhit bado halijaondoka kabisa machoni mwake.

"Ulilia," Masouda akasema. "Nakumbuka. Ulilia kuliko wote."

"Nililia kweli. Nilikuonea huruma, na nisingekutaka. Vyote viwili vilikaa ndani yangu wala havikugombana." Thuwaiba aliikunja mikono mapajani. "Kisha nikakaa Dubai miaka sita. Kwenye bomba la maji wakiniita Zinjibari, wakiniuliza kama nina Mwarabu hata mmoja kwetu. Nikawahesabia babu zangu wote kumi na moja. Wakacheka, wakanipita foleni. Siku ile nilikukumbuka weye. Sisemi unisamehe. Nimesema usije ukawa unazisoma mara mbili barua za wenzangu."

Ghaniya akasogea nyuma, akawaachia nafasi.

Masouda alimwangalia Thuwaiba. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo hata akasahau, leo kautua, bega halijui lifanye nini.

"Chumbani kwako," akasema, "kitanda kitupu ni cha dirishani au cha mlangoni?"

"Cha mlangoni."

"Mie nataka cha dirishani. Nnaona joto."

Thuwaiba akainuka. Yeye ambaye hakuwahi kumpisha mtu, hata mke wa liwali, akapita katikati yao, shingo yake ile ile, akaingia ndani. Wakasikia mashuka yanakung'utwa. Kisha godoro linaburutwa sakafuni, linakwama, linavutwa tena.

Ghaniya akataka kuinuka kumsaidia.

"Kaa kitako," Masouda akamwambia. "Mwache."

Wakakaa, wote, wanalisikiliza godoro. Likafika nusu ya chumba, kwa walivyokisia, likagoma. Thuwaiba akasikika anahema. Masouda akangoja kidogo, kisha kidogo tena. Akavua buibui, akamtupia Nasriya mapajani, akaingia kwenda kushika upande wa pili.